Misa ya Sayari

Joséline alipofika Mpanda kwa basi la kutoka Tabora, mama yake alikuwa ameshaalika nusu ya wilaya.

Hilo hakulijua mara moja. Alichokiona kwanza aliposhuka stendi ni akina mama wa jumuiya yao ya Katumba, wote wamevaa kitenge cha aina moja, cha bluu yenye nyota za njano, na mbele yao mama yake, Épiphanie, akipunga mikono yote miwili kama mtu anayefukuza ndege kwenye mtama. Vigelegele vikapigwa. Abiria wenzake wakageuka kutafuta ni mheshimiwa gani waliyesafiri naye bila kujua. Miguu ya Joséline ilikuwa imevimba kwa kukaa, na haja yake ilikuwa moja tu, maji ya kuoga. Kabla hajasema neno, begi lilishachukuliwa na mashavu yake yalishabusiwa na watu ambao wengine hakuwakumbuka hata majina.

"Kitenge tumekichagua kwa ajili yako," mama yake akamwambia, akikinyoosha kifuani. "Unaziona nyota? Mwenye duka alikuwa na cha maua, kizuri kuliko hiki. Nikamwambia hapana baba, sisi jambo letu ni la nyota."

"Jambo gani, mama?"

"Misa ya shukrani. Jumapili. Padri ameshakubali."

Joséline akatabasamu, maana hakuna kingine ambacho mtu angeweza kufanya mbele ya vitenge vile vyote.

Alikuwa akisoma shahada ya uzamivu Afrika Kusini, katika fani ambayo kijijini kwao hakuna aliyeweza kuieleza zaidi ya kuinua kidole juu. Kazi yake ilikuwa kutafuta sayari zinazozunguka nyota nyingine, tena bila kuziona, kwa sababu sayari ya mbali kiasi hicho humezwa na mwanga wa nyota yake kama mbu mbele ya taa za lori. Kinachotazamwa ni nyota yenyewe. Sayari inapoizunguka, huivuta kidogo upande huu na upande ule, na nyota ikawa kama inatusogelea, kisha inarudi nyuma, kisha inatusogelea tena. Mwanga wake ukitawanywa kama upinde wa mvua, ndani yake huonekana mistari myembamba myeusi. Nyota ikija, mistari hiyo husogea kuelekea kwenye bluu. Ikienda, husogea kuelekea kwenye nyekundu. Ni kusogea kudogo mno, lakini kunapimika. Nyota ya Joséline, ndogo, nyekundu, isiyoonekana kwa macho matupu, ilikuwa ikija na kurudi kwa mwendo wa mtu anayewahi Misa, na ilirudia hivyo kila baada ya wiki tatu hivi. Yeye na wenzake waliipima misimu miwili, wakaridhika, wakaandika kwamba huenda kuna sayari.

Lile neno "huenda" lilishuka njiani. Kwenye makala ya kitaalamu lilikuwepo. Kwenye taarifa ya chuo lilikuwepo pia, ila limesukumwa chini kabisa. Redio ilipotangaza kwamba binti wa Katumba amegundua dunia mpya, lilikuwa halipo tena. Na mama yake alipompigia simu siku ile akilia kwa furaha, Joséline mwenyewe hakuwa na moyo wa kulirudisha.

Nyumbani alimkuta baba yake, Dieudonne, anaanua mahindi yaliyoanikwa uani. Mzee Dieudonne hakuwa mtu wa vigelegele. Alimshika mwanawe mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa muda mrefu, akasema, "Umekonda. Huko hakuna ugali?"

Jioni ile majirani walikuja mmoja mmoja kumsalimia. Wa mwisho alikuwa Marta, wa nyumba ya tatu, amebeba mtoto wa miezi michache aliyefungwa shali la pinki.

"Shangazi yake, mpokee," Marta akasema, akimwekea mtoto mapajani. "Anaitwa Sayari."

"Nani?"

"Sayari. Alizaliwa wiki ile ile redio ilipokutangaza. Mume wangu alitaka Scolastica, jina la mama yake. Nikamwambia Scolastica wako wengi hapa, lakini Sayari ni mmoja tu."

Mtoto alimtazama Joséline kwa macho makubwa meusi, akapiga chafya. Watu wote wakacheka. Joséline naye akacheka, ingawa moyoni kitu kilimchoma kidogo, kama mwiba unaoukanyaga na kiatu.

Sababu ya mwiba ule aliijua. Kabla hajasafiri, yeye na mwenzake wa maabara, Msukuma wa Shinyanga aitwaye Mwandu, walikuwa wameomba nyota ile ipimwe upya kwa chombo kingine, kinachopokea mwanga wa joto ambao macho ya binadamu hayauoni. Walifanya hivyo kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Nyota ikivutwa na sayari, huvutwa nzima nzima, kwa hiyo mistari ya rangi zote lazima isogee sawasawa. Lakini nyota nyingine zina madoa meusi usoni, na nyota inapojizungusha, madoa hayo huudanganya mwanga, mistari ikaonekana inasogea na kumbe nyota imetulia palepale. Udanganyifu wa doa una alama yake: kwenye bluu huwa mkubwa, na ukiufuata hadi kwenye mwanga wa joto, unanyauka. Vipimo vipya vilikuwa vifike wiki ile. Joséline alikuwa karibu na hakika kwamba vingethibitisha.

Alhamisi akapanda bodaboda kwenda mjini Mpanda, akakaa kwenye mgahawa wa hoteli moja ndogo yenye intaneti isiyokatika, akaagiza chai na chapati, akaanza kuvuta vipimo. Mhudumu alikuja mara mbili kumuuliza kama chai haina sukari, maana ilikuwa imepoa bila kuguswa. Kila nukta ilipokuwa ikijipanga kwenye skrini, Joséline aliitarajia ipande na kushuka, ipande na kushuka, kama alivyoizoea kwa miaka miwili. Nukta hazikupanda. Zilijilaza. Yule mtu aliyekuwa anawahi Misa alikuwa hatembei kabisa.

Akarudia hesabu tangu mwanzo. Akatafuta kosa lake kwa bidii ambayo mtu huitumia kutafuta funguo mfukoni huku anajua ameziacha ndani ya nyumba. Kisha akampigia Mwandu.

"Na mimi nimeziona," Mwandu akasema kabla hajaulizwa. "Nilikuwa naogopa kukupigia. Najua uko kwenye sherehe."

"Ni madoa?"

"Ni madoa, dada. Nyota inajizungusha kwa wiki sita, si kwa muda mrefu zaidi kama tulivyodhani. Ina doa huku na doa kule, pande mbili zinazopingana. Moja likipita mbele, baada ya wiki tatu linakuja la pili. Sisi tukaona wiki tatu, tukasema sayari."

Nje, fundi cherehani alikuwa akiimba na redio.

"Kuna kitu kingine," Mwandu akaendelea. "Ukishayaondoa madoa yote, kuna mtikisiko mdogo unabaki chini. Wa polepole, wa miezi. Huo kwenye mwanga wa joto upo pia."

"Mdogo kiasi gani?"

"Mdogo. Ni kama mtu anayetambaa. Unaweza kuwa si kitu."

"Basi tusiuite kitu," Joséline akasema, akafunga kompyuta.

Alipompigia simu msimamizi wake wa masomo, alimkuta muungwana. Alisema makosa ya namna hii yamewapata wengi katika fani yao, wakubwa kuliko wao, na kwamba wataandika masahihisho polepole. Hakukuwa na haja ya kumwambia yeyote kwa sasa. Miezi mitatu, minne, ndipo yangechapishwa. Ilikuwa ruhusa kamili ya kukaa kimya, na njia nzima ya kurudi Katumba, nyuma ya bodaboda, Joséline aliigeuza ruhusa ile kichwani akitafuta namna ya kuitumia.

Aliwaambia wazazi wake jioni, baada ya chakula.

Mama yake hakuelewa mwanzoni. Alidhani sayari imelipuka, au imeibwa na wazungu.

"Haikulipuka, mama. Haikuwepo."

"Si mliipima?"

"Tulipima nyota. Nyota ilituonyesha dalili za kuwa na sayari. Dalili zilikuwa za kitu kingine."

Épiphanie akaweka chini sahani aliyokuwa anaikausha. "Nimetembea kijiji cha Kakese chote kwa miguu yangu kualika watu. Kaka yangu Apolinari anakuja kutoka ziwani Karema na samaki wake, migebuka. Shangazi yako Dafrosa, aliyekuwa ananiambia kila siku, binti yako atazeeka na vitabu, amenunua kitenge. Dafrosa! Na wewe unaniambia haikuwepo?"

"Ndiyo, mama."

"Useme Jumatatu."

"Mama..."

"Jumapili watu wale chakula, waimbe, waende zao. Jumatatu useme. Kuna ubaya gani? Hata huyo mkubwa wako amekwambia usubiri."

Mama yake hakuwa amesema jambo la kijinga, na Joséline alilijua hilo. Ni baba yake aliyejibu, tena bila kuinua sauti.

"Unakumbuka tulipoambiwa si wakimbizi tena, tumekuwa raia?" akamuuliza mkewe. "Tulicheza hapa hapa uani. Ngoma za Burundi zilipigwa mpaka ngozi zikalegea. Halafu tukangoja. Mwaka huu, mwaka kesho. Wengine walikufa wanangoja vyeti vya uraia. Siku vilipokuja kweli, mimi sikuwa hata na hamu ya kuinua mguu. Siku ile ya kwanza, kama mtu angesimama katikati ya ngoma akasema, jamani, bado, ningemchukia. Lakini leo ningekuwa namkumbuka kwa heshima."

Épiphanie alimtazama mumewe, akamtazama mwanawe, akachukua sahani yake na kuingia ndani. Hakutoka tena.

Jumamosi mchana Joséline alikwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Mwalimu wa kwaya, Egide, alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzito, na alikuwa ametunga wimbo wenye beti nne, mmoja ukiwa wa sayari. Alimsikiliza Joséline hadi mwisho, mikono imekunjwa juu ya tumbo.

"Ubeti wa tatu tu ndio wa sayari," akasema baada ya kufikiri. "Wa kwanza ni wa Mungu, wa pili ni wa wazazi, wa nne ni wa safari njema. Nikiutoa wa tatu, wimbo unasimama. Utakuwa mfupi, lakini wali utakuwa unapoa, kwa hiyo si vibaya." Kisha akamuuliza, "Mama yako anajua kwamba utasema?"

"Anajua. Hataki."

"Hapo siwezi kukusaidia. Wimbo naweza kuukata, mama yako siwezi." Lakini alipokuwa anarudi kwa wanakwaya wake aligeuka tena. "Ukihitaji kuwaeleza, usiwasomee. Waonyeshe. Watu wetu wakisomewa husinzia."

Jumapili asubuhi Joséline aliamka na kumkuta mama yake ameshavaa kitenge cha nyota.

"Nimeshakishona," mama yake akasema, bila kumtazama. "Nitakivaa."

Misa ilikuwa ndefu na nzuri. Padri alishukuru kwa elimu ya watoto wetu, akasema neno moja la mbinguni na mawili ya michango ya paa, na watu wakahamia uani kwa Mzee Dieudonne, ambako maturubai yalikuwa yametandikwa na masufuria ya wali yalikuwa yanatoa mvuke. Apolinari alikuwa amefika alfajiri, ananukia samaki na furaha. Dafrosa alikaa mstari wa mbele. Marta alikuwa ananyonyesha kwenye kivuli cha jiko.

Joséline akaombwa aseme machache kabla ya chakula. Akasimama. Akakumbuka maneno ya Egide, akamwita yeye na Helena, kiongozi wa sauti ya kwanza, mwanamke mwembamba asiyefika hata begani kwa Egide.

"Shikaneni mikono," akawaambia. "Mnyooshe, kisha mzunguke kwa nguvu."

Wakazunguka. Helena alichora duara kubwa, miguu yake inakaribia kuacha ardhi, kitenge kimefura kama mwavuli. Watu walishangilia. Joséline akawaambia wasimtazame Helena, wamtazame Egide. Na Egide, aliyedhani amesimama kama nguzo, alikuwa anayumba, anachora duara dogo kwenye vumbi kwa visigino vyake.

"Helena ndiye sayari," Joséline akasema. "Yuko gizani, hatumwoni. Tunamwona Egide tu. Lakini tukimwona Egide anakuja kidogo na kurudi kidogo, tunajua kuna mtu amemshika mikono. Na tukipima kasi ya kuyumba kwake, tunaweza hata kukadiria uzito wa Helena."

"Usiutangaze!" Helena akapiga kelele huku anahema, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Sasa, Helena, kaa. Mwalimu, baki peke yako." Joséline akachukua kipande cha mkaa jikoni. Egide akatazama shati lake jeupe kwa masikitiko, lakini akasimama. Joséline akamchora doa kubwa kifuani na lingine mgongoni. "Zunguka palepale. Polepole." Egide akazunguka. "Hajashikwa na mtu. Haendi popote. Lakini mkiwa mbali sana, mbali hata hamuoni mikono wala miguu, mnaona mwanga wa shati tu, doa hili likija na kupita, kisha lile likija na kupita, mtasema anayumba. Mtasema, lazima ana mwenzake gizani."

Kicheko kilikuwa kimepungua. Watu wengine walishaanza kuona anapoelekea.

"Ndugu zangu, nyota yangu ilikuwa na madoa," Joséline akasema. "Nimejua Alhamisi. Sayari tuliyowatangazia haipo. Nyie mmevaa, mmepika, mmetoka mbali, na mimi sina sayari ya kuwapa."

Alimtafuta mama yake kwa macho. Épiphanie alikuwa amesimama kando ya masufuria, upawa mkononi, uso umefungwa kama duka siku ya msiba.

Wa kwanza kusema alikuwa mjomba Apolinari. "Kwa hiyo mlikosea?"

"Tulikosea, mjomba."

"Nani amelikamata kosa?"

"Mimi na mwenzangu."

"Nyie wenyewe? Hamkukamatwa na watu wengine?"

"Sisi wenyewe."

Apolinari akatikisa kichwa kama mtu anayepima uzito wa samaki mkononi. "Mimi nimekaa ziwani maisha yangu yote, na sijawahi kumsikia mvuvi anarudi kuwaambia watu kwamba yule samaki aliyemkosa jana alikuwa gogo." Baadhi wakacheka, na pumzi iliyokuwa imebanwa uani ikaanza kutoka.

Lakini Joséline alikuwa anamtazama Marta. Hilo ndilo lililomnyima usingizi kuliko yote. Akamwendea palepale, mbele za watu. "Marta, nisamehe. Umempa mtoto jina..."

Marta hakunyanyua hata kichwa. Alikuwa anamhamisha mtoto kutoka titi moja kwenda jingine. "Nikusamehe nini? Ya kwako haipo. Ya kwangu hii hapa, inang'ata."

Uwanja ulilipuka. Wazee waliojizuia walishika mbavu, Helena akaegemea bega la Egide, na Egide, mwenye madoa ya mkaa mbele na nyuma, akaona hiyo ndiyo nafasi, akainua mkono, kwaya ikaanza wimbo wake wa beti tatu.

Chakula kilipakuliwa. Dafrosa alipofika kwenye sufuria na sahani yake, alisema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Kumbe leo tunakula wali wa sayari hewa."

Épiphanie alimpakulia. Akamwongezea kipande cha samaki. Akasubiri Dafrosa apokee kwa mikono miwili, ndipo akasema, "Wifi, Misa ilikuwa ya kushukuru. Binti yangu amerudi mzima, na hasemi uongo. Kama kwako hilo si la kushukuru, rudisha samaki."

Dafrosa hakurudisha samaki.

Hata hivyo mama na mtoto hawakusemezana mpaka kesho yake asubuhi, walipokaa pamoja kuchambua maharage ya kupeleka sokoni. Épiphanie alichambua kwa muda, akitupa mawe pembeni kwa kidole gumba.

"Uliumia?" akauliza.

"Sana, mama."

"Mimi pia niliumia. Nilikuwa nalala na ile sayari yako. Nilikuwa nasema, hata kama hapa hatuna kitu, kule juu tuna kitu." Akatupa jiwe. "Nyota zingine zipo?"

"Zipo nyingi kuliko haya maharage."

"Na hiyo yako, mmeiacha?"

Joséline alisita. Alikuwa ameapa kutosema. Lakini mama yake alikuwa amemuuliza kama mtu anayetaka kujua, si kama mtu anayetaka kutangaza. "Bado tunaipima. Kuna kitu kidogo kimebaki chini ya yale madoa. Sijui ni nini. Kinaweza kuwa si kitu kabisa."

"Unajuaje kama ni kitu?"

"Kwa kungoja. Madoa ya nyota huzaliwa na kufa, kwa hiyo udanganyifu wake hubadilika. Sayari haibadiliki. Msimu huu, msimu ujao, saa yake ni ile ile, na kila rangi inasema jambo moja."

Épiphanie akapeta maharage kwa ungo, maganda yakaruka na upepo. "Hata mume ndivyo anavyojulikana," akasema. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na Joséline akacheka naye mpaka baba yake akachungulia dirishani kuuliza kuna nini.

Masahihisho yalichapishwa mwaka ule ule, na jina la Joséline likiwa la kwanza. Aliogopa yangemfungia milango. Badala yake aliandikiwa na watu wa kile chombo cha mwanga wa joto. Walikuwa wameyasoma, walisema, na walitaka mtu anayejua kuitilia shaka kazi yake mwenyewe. Akahamia kwao. Nyota yake ndogo nyekundu ikaingizwa kwenye orodha ya kupimwa kila inapoonekana, msimu baada ya msimu. Madoa yake yalikuja, yakafa, yakazaliwa mengine mahali pengine, na ule udanganyifu wa wiki tatu ukapotea kabisa kana kwamba haujawahi kuwepo. Mtikisiko wa polepole ulibaki. Ulikuja kwa zamu yake, ukarudi kwa zamu yake, kwenye bluu, kwenye nyekundu na kwenye mwanga wa joto, nyota ikitusogelea kwa mwendo wa mtoto anayetambaa na kurudi nyuma kwa mwendo ule ule.

Joséline na Mwandu hawakumwambia mtu. Walizipeleka namba zao kwa kundi la nchi nyingine, lenye darubini nyingine na hesabu nyingine, wakaomba wapingwe. Kundi lile lilikaa nazo karibu mwaka mzima. Jibu lao lilipokuja lilikuwa fupi: wamejaribu kila njia, na mtikisiko umekataa kuondoka.

Sayari ile ni nzito kuliko dunia yetu mara kadhaa, na ina baridi ambayo hakuna jani lingeivumilia. Hakuna atakayekwenda kuishi huko. Lakini ipo. Siku makala ilipokubaliwa, Joséline alitoka nje ya jengo, akasimama juani, akampigia baba yake, kwa sababu mama alikuwa sokoni na simu yake haisikiki kwenye kelele. Mzee Dieudonne alisikiliza, akasema, "Haya. Sasa vyeti vimekuja," na sauti yake ikakatika kidogo mwishoni, akasingizia mtandao.

Redio ya Mpanda ilipata habari baada ya siku chache. Safari hii mtangazaji hakutaka kubahatisha. Alikwenda mwenyewe sokoni na kinasa sauti, akamkuta Épiphanie nyuma ya magunia yake, akamuuliza mbele ya wateja kama ni kweli binti yake amegundua sayari, ya kweli sasa.

Joséline aliisikia sauti ile baadaye, ametumiwa na Egide kwenye simu. Kwanza kulikuwa na kelele za soko, mtu anabishana bei ya dagaa. Kisha ikaja sauti ya mama yake, tulivu, ya mtu ambaye hana haraka na mizani iko mkononi.

"Mimi nauza maharage, baba. Ya sayari muulizeni mwenyewe, namba yake nitawapa. Ila mkishamuuliza, akishawaambia ndiyo," na hapo akasogelea kinasa sauti, maana maneno yaliyofuata yalisikika karibu zaidi, "mtangaze kwa nguvu."